Kiti cha Mama Magesa

Huku kwetu Mhunze mkubwa hainuki kitini kwa ajili ya mtoto. Msichana hupiga magoti, hutoa shikamoo yake, na mkubwa huitikia akiwa ameketi vilevile. Kwa hiyo jirani yangu Nyamizi, Mama Magesa, alipoanza kuinuka kila anaposalimiwa, watu walisema uzee umeanza kumchezea akili.

Mimi sikusema, kwa sababu ndimi niliyempeleka hospitali. Magoti yalikuwa yamemshinda. Wanawe, kwa mapenzi yao, walikuwa wamempiga marufuku jembe, ndoo, hata ufagio, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyozidi kushindwa kuinuka. Magesa, yule wa Mwanza, alimletea kiti cha plastiki chenye mikono pamoja na tangazo: akija baada ya mavuno ya pamba akamkuta mama bado anainuliwa na watu, anamchukua akaishi naye. Mwanza si kubaya, lakini Mama Magesa hakutaka kuwaacha kuku wake na kaburi la mumewe. Aliniambia hivyo akilia, nami nikalia naye.

Hospitali alitarajia sindano. Loveness, binti wa mazoezi tiba, akamweleza kwamba gegedu linalozuia mifupa isisagane limelika, na misuli ya mapaja imelegea kwa kukaa, haibebi tena goti. Dawa yake ni kuinuka kitini bila kushika popote, kisha kuketi polepole, kila siku. Goti likiuma kidogo asiogope, haliharibiki; akiamka na maumivu zaidi kesho yake, apunguze, ila asiache. Njia nzima Mama Magesa alinung'unika kwamba nimemsafirisha kwenda kufundishwa kukaa.

Alijaribu uani, akachoka mapema. Kuinuka na kuketi peke yako ni kazi ya mwendawazimu, alisema, hata kuku walimshangaa. Ndipo alipohamishia kiti mbele ya nyumba, kwenye njia ya bombani, akajiwekea sharti: kila shikamoo, anainuka.

Njia ile haikosi shikamoo. Wasichana wa ndoo walishuka kwa magoti, yeye akapanda akiuma meno. Watundu walipogundua mchezo wakawa wanapita, wanazunguka nyuma ya nyumba na kumsalimu upya. Aliwatukana, akainuka. Siku za mvua njia ilikuwa tupu, basi mimi, niliyelingana naye kwa umri, nilikwenda na mwavuli kumpa shikamoo mpaka tukachoka kwa kucheka.

Mzee Mihayo, ambaye hakosi neno, alikuja kulalamika kwamba anatuharibia watoto. Mama Magesa akainuka kumjibu.

"Heshima ninayo, Mihayo. Ninachotafuta ni magoti."

Pamba ikavunwa, Magesa akaja na gari lake na tumbo lake, ambalo Mwanza imelitunza vizuri. Mimi nilijifanya napepeta mchele pale jirani, lakini roho ilikuwa juu.

"Shikamoo, mayu," alisema.

Mama yake alikunja mikono kifuani, akainuka wima bila kushika kitu. Magesa alisahau hata kungoja marahaba. Alimkumbatia, na macho yake yalikuwa yamelowa, nami sikuona tena ninachopepeta.

Lakini Magesa alikuwa mbishi tangu utoto. Alipomaliza kula ugali na kuku, akiwa kwenye kigoda, alisema kusimama mara moja si kupona, mama afungashe tu. Akataka kuinuka akaanze kupakia. Hakuinuka. Akajaribu kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, akatafuta ukuta, ukuta ulikuwa mbali. Mama Magesa alimwendea akamshika mkono, akamvuta mpaka akasimama.

"Ng'wanawane, mwanangu," alimwambia, "nani anamchukua nani?"

Jioni ile gari liliondoka na mzigo mmoja tu, kile kiti cha plastiki, Magesa akajizoeze nacho. Mama Magesa mwenyewe ndiye aliyekibeba mpaka garini. Siku hizi wasichana wa ndoo wanamkuta kwenye kigoda, na bado anainuka.