Rupia ya Tembo Niliyoiita Shaba

(Mwenye kisa ameomba tufiche jina lake. Majina ya wengine ameyabadili mwenyewe.)

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma wa ukurasa huu kwamba nimestaafu rasmi kazi ya kuuma sarafu. Jino la mwisho lililokuwa likiifanya kazi hiyo lilitoka wiki iliyopita, kwa ajali ya muhogo wa kuchoma. Sherehe ya kuliaga haikufanyika.

Mimi ni mwanaume wa miaka sabini na sita, mkazi wa Kilosa, fundi saa ambaye hakufundishwa na mtu. Sijazoea kuandika mambo yangu. Ila majuzi watu wa kupanua barabara walipita Malolo, kijijini kwetu, na kopo la rangi, na kaburi la mjomba wangu limepigwa X nyekundu. Litafukuliwa Jumamosi. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, na msisingizie meno.

Turudi miaka ile ya kuhamia vijijini. Nilikuwa kijana, nina meza yangu karibu na stesheni na kile kioo cha fundi saa cha kubana jichoni. Kioo ndicho kilichoniponza. Watu wakikuona umekibana wanaamini unaona mpaka dhamira. Wakaanza kuniletea hela za Mjerumani walizozikuta kwenye vibuyu vya bibi zao, niwaambie kama ni halisi au za kughushi. Nikajifunza mwenyewe: naigonga kwenye jiwe nasikiliza, naipima kwa mkono dhidi ya nyingine, nainusa, maana shaba ina harufu na dhahabu haina, mwisho naiuma. Nilikuwa sikosei. Naomba mlishike hilo, kwa sababu hata siku ninayotaka kuwasimulia sikukosea.

Ukoo wetu ulikuwa na rupia moja ya dhahabu iliyobaki tangu vita vya Mjerumani. Upande mmoja tembo kainua mkonga mbele ya milima, upande wa pili tai. Kwetu urithi unapita kwa mama. Mjomba akifa, rupia ile inashikwa na mpwa wake mkubwa, na huyo ndiye anayesimama mbele kwenye tambiko na kuusemea ukoo. Mpwa mkubwa alikuwa Danieli, mtoto wa mama mkubwa. Wa pili nilikuwa mimi.

Lilipokuja agizo la kuhamia kijiji kipya, mjomba aliogopa rupia isije ikapotea kwenye mizigo. Akampa Danieli aende nayo Mikumi, alikokuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Miezi mitatu baadaye akairudisha, na mama zetu wakaanza kunong'ona: mbona imefifia, huyu kauza ya kweli kwa Wazungu wa kambini, katuletea shaba. Kumbe aliificha juu ya jiko, imeshika moshi. Mjomba akaamua iletwe kwangu niitazame. Hakuna aliyekumbuka kwamba hakimu mwenyewe ndiye anayefuata kwenye foleni.

Walikuja mchana, mjomba na fimbo yake, mama zetu wawili, na Danieli. Nikamwamkia mjomba shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Danieli alikuwa anacheka. Kunitania ilikuwa desturi yake tangu utotoni.

"Haya, fundi wa saa usiye na saa, waambie hawa, twende tukale."

Nikabana kioo. Nikaigonga, ikalia mlio mwembamba ambao haukutaka kuisha. Nikainusa, hakuna harufu. Nikaiuma, ikabonyea kidogo kwa jino kama dhahabu inavyofanya. Tembo alikuwa mzima, mkonga umelika kidogo kwa kusuguliwa na majivu miaka mingi. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na kovu dogo jekundu, mahali ambapo zamani paliungwa kwa shaba kitanzi cha kuivalia shingoni. Ilikuwa halisi kuliko sisi sote pale mezani.

Ningependa kuwaambia kwamba sijui nini kilinipata. Najua vizuri.

Nikamwita mjomba, nikambania kioo jichoni kwa mikono yangu, nikamwelekeza kwenye lile kovu. "Unaona wekundu, mjomba? Ngozi ya juu imebanduka. Ndani ni shaba."

Kovu lilikuwa la kweli. Nilichofanya ni kulipa jina lingine.

Danieli akaacha kucheka. Akasema taratibu, "Tazama tena, mdogo wangu."

Nikasema nimeshatazama. Hakubisha. Alirudi Mikumi jioni ileile, na ukoo haukumwita tena kwenye harusi wala msiba.

Mjomba alifariki kabla ya mvua. Siku mbili kabla ya kukata roho aliniita karibu. "Nizikeni nayo," akasema. "Nikifika nitaiuliza yenyewe."

Niliiweka mimi, kwenye kiganja chake cha kulia, nikamfumba vidole kimoja kimoja. Tangu hapo mimi ndiye ninayesimama mbele kwenye tambiko. Mvua ikichelewa watu wananitazama, nami natazama chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Ndugu zangu, shaba ikikaa udongoni miaka yote hiyo hutoka ya kijani. Dhahabu hutoka ilivyoingia. Hapo hahitajiki fundi wala kioo.

Waliokuwepo pale mezani wote wamekufa, isipokuwa Danieli. Juzi binti yake alinipigia simu. "Shikamoo baba mdogo. Baba anasema Jumamosi atakuja. Anasema msimfukue mjomba kabla yeye hajafika." Nikamuuliza kasema nini kingine. Akajibu, "Basi tu. Anakusalimia." Hiyo salamu ndiyo inayonitisha kuliko kaburi.

Nishaurini. Niende Mikumi kabla ya Jumamosi nikampigie magoti, au niache udongo useme? Nikisema, vijana watauliza matambiko yote yale aliyafanya nani, na kwa haki ipi. Nikinyamaza, mjomba yuko pale na mkono wake uliofumbwa. Nifanye nini? Msinitukane kwa maneno marefu, nasoma polepole.

Halafu kuna jambo nilikuwa sijalijua nilipoanza kuandika. Asubuhi hii nimempigia yule binti tupange habari ya gari la kumleta baba yake. Danieli haoni, ni mwaka wa sita sasa. Ameomba rupia ikitoka, mimi ndiye nimwambie rangi yake.