Mafuta ya Mikono ya Mama

Mama yangu alifua nguo za watu Kitisuru kwa miaka mingi, na mikono yake ikapasuka kama shamba la kiangazi. Mimi niliyesomeshwa kwa mikono hiyohiyo nafanya kazi ya ofisini katikati ya jiji, ambako kitu kizito kuliko vyote ninachoinua ni faili. Kwa hiyo wazazi wa mchumba wangu waliposema watakuja kwetu Kinoo kujijulisha, sikuwaza chakula. Niliwaza mikono. Nilikuwa nimemwona mama akiificha chini ya leso kila nilipoitazama, na niliapa kwamba siku hiyo hataificha.

Mama ana dawa yake, mafuta ya kukamulia ng'ombe. Utotoni alitupaka hayo kila Jumapili, tukaenda kanisani tunang'aa kama maandazi. Lakini msomi hampaki mama yake mafuta ya chuchu za ng'ombe. Msomi hutazama video.

Nikanunua mafuta ya nazi, na nta ya nyuki kwa mzee mmoja anayeuza asali mjini. Akaniambia nta iwe fungu moja, mafuta mafungu manne. Nilimshukuru kwa adabu na kumpuuza. Kama nta ndiyo inayolinda ngozi, nikajiambia, fungu moja ni uchoyo. Nikaweka nusu kwa nusu, nikayeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, nikakoroga huku nikijiona daktari. Asubuhi mama akaligonga lile bonge kwa ukucha: ko, ko.

"Hii ni mafuta ama ni mshumaa?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja kisu cha jikoni nikilichokoa. Nikayeyusha upya, nikaongeza mafuta hadi kipimo cha yule mzee, na safari hii yakatoka laini, ya manjano hafifu, yanateleza. Sikuwa na chombo, nikayatia kwenye kopo tupu la majarini. Ndivyo tulivyo, kwetu kopo la aiskrimu hukaa maharagwe na la biskuti hukaa uzi na sindano. Nikaliacha mezani ili nimpake mama kabla wageni hawajafika.

Wageni wakafika mapema. Nani hufika mapema Nairobi?

Nilikuwa jikoni nikimimina chai niliposikia mama mkwe wangu mtarajiwa akisema, kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri:

"Hii siagi yenu haina chumvi. Ni ile ya watu wa presha?"

Nilipotokeza alikuwa amemaliza slesi moja ya mkate na anaipaka ya pili. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikasema si siagi, ni mafuta ya kupaka, nimeyatengeneza kwa ajili ya mikono ya mama. Naam, niliitaja mikono ya mama mbele ya watu wote. Jambo nililolipikia siku mbili ili lisionekane, nikalitangaza mwenyewe nikiwa nimeshika birika.

Mama mkwe akajilamba midomo, akaipapasa kwa kidole.

"Lakini kweli, mdomo imekuwa smooth."

Akachota kwa kile kisu cha mkate, akajipaka viganjani. Ndipo nikaviona viganja vyake, vimepasuka vilevile kwa kuchuma majani chai.

"Yangu hata inanasa kwa sweta," akamwambia mama. "Leta mkono."

Mama akatoa yote miwili bila kusita. Wakapakana pale mezani wakicheka, wakihadithiana habari za sabuni mbaya na baridi ya Julai, na mchumba wangu akawa anakula mkate mkavu kwa tahadhari.

Walipoondoka nilimwambia mama nimefurahi kwamba leo hakuificha mikono yake. Alinitazama kidogo.

"Nifiche ya nini? Mimi huficha wewe ukiiangalia. Ni wewe huona haya."

Nikavuta kopo, nikachota mafuta, nikaushika mkono wake nimpake.

"Wacha tu," akasema. "Nimeshapakwa."