Zamu ya Dorah

Ritha alikuwa ofisa ustawi wa kituo cha kulelea watoto pale Nyasubi, mjini Kahama. Wafadhili walipotaka kila mtoto apimwe akili anapopokelewa, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua kipimo. Vilikuwa viwili. Cha kwanza kilimtaka mlezi akae na mtoto majuma kadhaa, amwone anavyocheza, anavyokula, anavyolala. Cha pili kilikuwa maswali yenye alama, yanaisha asubuhi moja. Kituo kilikuwa kimejaa na walezi walikuwa wachache. Ritha akachagua maswali.

"Umetuokoa, Mama Eliya," alisema Magesa, mkuu wa kituo.

Mwaka ukaenda hivyo. Kisha wakaletwa Dorah na mdogo wake Nelly, kutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Bulyanhulu. Baba yao alifukiwa na kifusi shimoni. Mama alishaondoka zamani. Nelly hakusema na mtu yeyote. Alikuwa akimvuta dada yake gauni, na Dorah anasema, "Anataka maji," au, "Anamwogopa mbwa."

Kipimo kilitaka kila mtoto aulizwe peke yake. Ritha alimtoa Dorah nje, akafunga mlango. Aliuliza kwa Kiswahili, akauliza kwa Kisukuma. Nelly aliukodolea macho mlango tu, na kila swali likapata sifuri. Majibu yalipojumlishwa, yakamweka miongoni mwa watoto wenye ulemavu wa akili. Ilibidi ahamishiwe kituo maalumu Mwanza.

Ritha alikwenda kwa Magesa.

"Baba Salome, huyu mtoto ana akili timamu. Amefiwa, basi. Kipimo hiki hakimfai."

Magesa alimtazama. "Na wale tuliokwisha kuwahamisha kwa kipimo hikihiki? Tukikikataa leo, tutawaambia nini wao?"

Sura za wale watoto zikamjia Ritha, mmoja baada ya mwingine. Alitoka.

Uani, Dorah alikuwa akimngoja.

"Shikamoo, mama. Nelly anapelekwa wapi?"

"Marahaba. Mwanza."

"Kwa nini?"

"Hakujibu maswali."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Dorah. Aliketi wima, mikono magotini. Ritha akamwuliza jina lake. Kimya. Akamwonyesha picha ya ng'ombe. Kimya.

"Dorah, hata ng'ombe? Jana ulinisomea kibao cha getini."

Msichana aliuma mdomo wa chini, machozi yakamtiririka, lakini sauti haikutoka. Ritha angeweza kusimamisha kipimo pale. Akimpa alama anazostahili, mtoto atabaki Kahama na mdogo wake ataondoka peke yake. Aliandika sifuri, akaandika nyingine, mpaka mwisho.

Dorah na Nelly waliondoka pamoja, wameshikana mikono kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Baada ya muda mlezi wa kule Mwanza, Mariana, akapiga simu.

"Mama Eliya, mdogo sasa anaongea, anatuimbia mpaka tunachoka. Lakini huyu mkubwa anawasomea wenzake vitabu! Hapa hatuna darasa la kumfaa. Mlimpimaje?"

Nje ya ofisi, mtoto mwingine mpya alikuwa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Ritha alijua kwamba akisema kweli, Dorah atarudishwa Kahama, na Nelly atabaki Mwanza kwa alama zake.

"Kama wengine," alisema.

"Kwa hiyo tumpime upya?"

Ritha, simu sikioni, alimtazama yule mtoto wa kwenye benchi kupitia mlangoni.