Servisi ya Kwanza, Servisi ya Pili, na Kitenge cha Koko Nabindu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wageni ya misheni kule Fizi-Centre, nilimkalisha mkaguzi wa shule karibu na mlango wa jiko. Alikula huku akifuta machozi ya moshi, nami nikadhani ni pilipili imemfurahisha. Sista msimamizi alingoja wageni waondoke, kisha akaniita.

"Binti, nani alikuambia kazi yako ni kubeba sahani?"

"Ni weye, Sista."

"Basi nilisema vibaya. Sahani hata mbuzi angebeba kama angekuwa na mikono. Kazi yako ni kujua nani anakaa wapi, karibu na nani, na anakula saa ngapi."

Sikujua kwamba maneno hayo yatanifuata maisha yangu yote. Vijana wa parokia wameniomba niandike habari za kazi hiyo, kwa sababu wengine wao wanataka kuajiriwa kwenye meli na kwenye hoteli zinazofunguliwa Baraka. Nawaandikia kwa shukrani, maana Mungu alinilisha mimi na watoto wangu kupitia meza za watu wengine. Alinipa na subira pia. Ila kuna familia moja iliyoivuta subira hiyo mpaka ikabaki uzi, nami nitawaeleza habari zake bila kuficha hasira yangu.

Kutoka Fizi nilishuka Mboko, kwenye mgahawa wa kando ya barabara ya Uvira. Patroni wetu, ndivyo tulivyomwita mwenye mgahawa, alikuwa mama mnene asiyekaa kitako. Pale nilijifunza haraka. Dereva wa lori hangoji. Ukichelewa na sombe, yaani kisamvu, anawasha gari na kwenda kula kwa jirani. Patroni alinipigia kelele kila siku, na kila Jumapili alinisindikiza kanisani kama mwanawe. Namshukuru hata leo.

Ndipo nikaingia melini. Meli yetu ilibeba abiria kati ya Baraka, Kalemie na Uvira, na wakati mwingine familia ziliikodi yote kwa matembezi. Mkubwa wangu alikuwa Mkuu wa abiria, yaani ofisa anayeshughulikia watu wakati Kapitaini anashughulikia maji. Siku niliyoripoti alinipa kitambaa cha meza kilicholowa na kuniambia nikitandike hivyo hivyo. Nikafikiri ananicheka.

"Kitambaa kikavu kinateleza," alisema. "Wimbi likipiga, samaki anarudi ziwani akiwa amekaangwa. Kikilowa kidogo, sahani inashika."

Alinifundisha pia upande wa upepo, yaani upande wa meli unaopigwa na mawimbi ya alasiri. Mzee haketishwi huko, wala mama mjamzito. Supu hujazwa nusu bakuli. Na zaidi ya yote alinifundisha servisi. Chumba chetu cha kulia kilitosha nusu ya abiria tu, kwa hiyo walikula kwa zamu: servisi ya kwanza jua likiwa bado juu ya milima, servisi ya pili baada ya meza kufutwa. Abiria alichagua zamu yake wakati wa kupanda, na akapewa meza.

Jambo jepesi, sivyo? Ndivyo nilivyodhani. Wapendwa, sijaona kiumbe mgumu kama mtu aliyeambiwa achague saa ya kula. Atachagua ya kwanza, kisha atakuja ya pili akisema alilala. Atachagua ya pili, kisha atasimama mlangoni wakati wa ya kwanza "kusalimia tu", mkono wake tayari kwenye sahani ya mwenzake. Wapo waliotuma mkoba ukawawekee kiti. Wapo mama waliolisha watoto katika servisi ya kwanza kwa jina la baba, na katika ya pili kwa jina la mjomba. Nasema kwa heshima kwamba wapo hata watumishi wa Mungu walioombea chakula mpaka bukari ikawa jiwe. Bukari, ugali wetu wa muhogo, haina subira ya watakatifu. Ikipoa, imekwisha.

Hayo yote niliyazoea. Kisha ikaja familia ya Koko Nabindu.

Koko Nabindu, koko maana yake bibi, alikuwa mjane wa huko juu, Fizi. Ziwa alilitazama tangu utoto akiwa shambani kwake mlimani, lakini hakuwahi kusafiri juu yake. Watoto wake walikuwa wametawanyika: Uvira, Lulimba, Kigoma, na mkubwa wao, Papa Wilondja, alikuwa amekaa Amerika miaka mingi. Ni yeye aliyeikodi meli, kwenda Kalemie na kurudi, ili mama yao atembee juu ya maji pamoja na wanawe wote, wake zao, waume zao na wajukuu.

Shida ni kwamba Papa Wilondja alikuwa amewahi kusafiri na watoto wake kwenye meli moja kubwa ya bahari, yenye mikahawa zaidi ya mmoja, na akarudi amejaa maarifa ya kula. Alinitumia ujumbe wa sauti wiki nyingi kabla ya safari. Ulianza kabla ya misa ya asubuhi na uliendelea nikipika chai. "Mama Servisi, kule kwetu mutu anachagua meza yake mbele ya safari. Nataka iwe vile. Niandalie meza ya heshima, mama yangu katikati, na bakwe watatu bakae mbele yake, baonane na mama sura kwa sura, bajuane."

Nilimjibu, "Papa, bakwe mbele ya mama mukwe?"

Akajibu kwa ujumbe mwingine wa sauti, mrefu kuliko ule wa kwanza, wote ukieleza jinsi walivyoketi kule baharini. Nilimpelekea Mkuu wa abiria shauri hilo. Akasema, "Mwenye kukodi meli amekodi na viti. Panga alivyosema."

Basi nikapanga. Kwa wasomaji wa mbali nieleze: kwetu mume wa binti hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hamkodolei macho, na mama mkwe hamwoni akitafuna. Si chuki, ni heshima, na walio wengi bado wanaishika, Wakristo na Waislamu sawa.

Jioni ya kwanza Koko aliketishwa katikati ya meza, amevaa kitenge kipya juu ya kingine. Wakwe watatu wakafika mlangoni, wa mbele akiwa Papa Saidi, mfanyabiashara wa ndakala, yaani dagaa, wa hapa Baraka, mtu wa mzaha na sauti kubwa. Alipomwona mama mkwe akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto, akawagonga wenzake, wote wakatoweka kuelekea nyuma ya meli. Koko akavuta kitenge chake cha juu akajifunika kichwa na uso, akakaa hivyo hivyo kama gunia. Hakugusa chakula.

Papa Wilondja akanijia na hasira. "Mama yangu hapana kula! Samaki iko na nini?"

"Samaki iko muzuri, papa. Ni viti."

"Viti viko na nini?"

Nikamweleza. Akashika kichwa. Nilimhurumia kidogo, mtu akikaa mbali, vitu vya kwao humtoka bila yeye kujua. Huruma yangu haikudumu. Aliketi pale pale na kupanga upya: wakwe wote servisi ya pili, wajukuu ya kwanza, mabinti nusu huku nusu kule ili kila meza ipate mtu wa kuongoza mazungumzo. Mazungumzo! Kwa watu waliozaliwa tumbo moja!

Asubuhi Koko alikataa chai. Akakataa ndizi. Mabinti wakaanza kulia, wakwe wakagoma kula kabla yake, na jikoni mpishi mkuu akaniuliza kama apike au aende kulala. Kapitaini akaja mwenyewe chumba cha kulia, jambo ambalo alilifanya mara chache sana.

"Mama Servisi, yule mzee hajala tangu Baraka. Jua likiwa katikati naye bado, nageuza meli. Siwezi kumfikisha Kalemie amebebwa."

Nikaenda kuketi karibu na Koko. Alikuwa anatazama milima ya kwao, iliyokuwa inazidi kuwa midogo.

"Koko, unaumwa?"

"Siumwi."

"Kula basi kidogo. Bote bana wasiwasi."

"Mwanangu," akasema, "tangu tulizika baba yao, hawa batoto hawajakula bote pamoja. Mumoja anakuja, mwingine anaenda. Mi niliogopa hii kitu yenu inayoyumba, lakini baliniambia tutakula bote. Sasa banakula nusu nusu kama bagonjwa ba hospitali. Mi nitakula siku tutakula bote. Kama haiko, munirudishe kwangu."

Nilimwita Papa Wilondja asikie mwenyewe. Alisimama mbele ya mama yake, mvi kichwani, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mama, haiwezekani. Viti havitoshi. Na bakwe hawawezi kukuona. Hiyo desturi ni ya kijijini, hapa ni melini."

"Meli iko juu ya maji ya wapi?" Koko akauliza.

Papa Wilondja akanigeukia mimi.

Nikarudi kwa Kapitaini. Sikumwambia mengi; nilimwomba maji yaliyotulia na saa moja ya kula. Alinung'unika, kisha akaiingiza meli katika ghuba ndogo na kutia nanga. Meli ikiacha kuyumba, watu wanaweza kula hata nje kwenye sitaha, juu ya mikeka. Hapo viti havikuwa tena shida. Lakini chumba cha kulia kilitazamana na sitaha kwa uwazi mpana usio na mlango, na mtu aliyekaa mkekani alionekana mpaka meno.

Koko aliutazama uwazi ule. Akasimama, akafungua kitenge chake cha juu, kile kipya, akanipa.

"Funga hapa."

Upande mmoja palikuwa na msumari. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Nilitafuta kamba, mpishi akatafuta, Mkuu wa abiria akatafuta, na bukari jikoni ilikuwa inaanza kupoa. Nilikuwa karibu kusema neno lisilofaa kinywani mwa mama wa kanisa. Ndipo Papa Wilondja akaichukua ncha ya kitenge, akainyanyua juu ya kichwa chake na kuishika ukutani.

"Lete chakula," akaniambia. "Mi nitashika."

Tukapakua. Ndani walikaa Koko, mabinti, wana na wake zao. Nje wakwe na wajukuu. Maji ya kunawa yakapita pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kila mtu akamngoja Koko. Kisha kutoka nyuma ya kitenge ikaja sauti ya Papa Saidi:

"Shemeji Wilondja! Amerika balikufundisha kuwa musumari?"

Kicheko kikalipuka pande zote. Koko alicheka mpaka akashika ubavu. Alipotulia akaita, bila kugeuza kichwa:

"Bakwe, muko?"

"Tuko, mama!"

"Mumepata bukari ya moto?"

"Iko moto, mama. Karibu."

"Aksanti. Sasa mi nakula."

Akafanya ishara ya msalaba, akala. Nimewahudumia wakubwa wengi, sijaona mtu akila vile. Alipomaliza tonge la tatu au la nne, akamwona mwanawe mkubwa amesimama mikono juu, jasho linamtiririka, hana sahani. Hakuwa wa servisi ya kwanza wala ya pili. Koko akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa ndakala, akanyanyuka polepole mpaka kwake.

"Fungua kinywa."

"Mama, batu banatazama."

"Bakutazame. Fungua."

Akafungua. Akalishwa mpaka akashiba, na kitenge hakikushuka. Mimi niligeukia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Na hapo hapo, wapendwa, mmoja wa wanafamilia akanishika mkono na kuniuliza kama servisi ya pili bado ipo. Nilimtazama nikamwomba Bwana anisaidie.

Tulifika Kalemie na kurudi, na kila mara ya kula Kapitaini alitafuta maji matulivu akinung'unika. Msumari wa pili niliupigilia mwenyewe siku iliyofuata. Uko pale hadi leo.

Sasa nimestaafu. Nakaa Baraka, karibu na kanisa, na magoti yangu hayataki tena ngazi za meli. Ninyi mtakaoingia kazini mtakuta simu zinazopanga meza na watu wanaochagua kiti kabla hawajapata njaa. Zitumieni. Ila mkishapanga, simameni mlangoni mtazame nyuso za watu wanapoketi. Anayejifunika kitenge hatawaeleza kwa maneno. Na mtachoka, nami siwadanganyi. Watu wa kula huchosha kuliko mawimbi. Salini asubuhi kabla hamjawaona.

Jumapili baada ya misa mabinti zangu huja na waume zao. Wakwe zangu hula barazani, mimi hukaa uani na wajukuu, ukuta katikati yetu. Huchelewa kuketi, hubishana nani akae wapi, na mimi huku nasikia kila kitu na bukari inapoa. Nangoja. Nikisikia maji ya kunawa yanamwagika kwenye beseni upande wao, nafanya ishara ya msalaba, na mimi nakata tonge.