Wa kunirudishia akaunti ni binti yangu, na ndiye asiyetakiwa kuiona

Admin, nifiche vizuri, maana humu wamo mpaka wanakwaya wenzangu. Mie ni baba wa miaka hamsini na mitatu, karani, naishi Goba na mke mmoja, watoto watatu na kitambi kimoja. Majina yote nimebadilisha. Mkicheka chekeni, ila mkimaliza mnisaidie.

Mtaani naitwa Baba Upendo, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Zamani nilipofungua akaunti yangu ya mtandaoni, ile ya kuposti na kuchati, niliambiwa niweke neno la siri. Nikaweka Upendo na mwaka aliozaliwa, nikajiona mjanja. Sasa siri gani hiyo ambayo muuza mkaa akiniona tu anaipaza toka ng'ambo ya barabara? Na mwaka wenyewe nilikuwa nauposti kila siku yake ya kuzaliwa, na keki juu. Na wewe mama unayesoma huku unacheka, lako ni jina la mtoto gani?

Juzi kati nikaamka, akaunti haifunguki. Mchana mzee wa kanisa akanipigia.

"Baba Upendo, hongera kwa kupona."

"Kupona nini, mzee wangu?"

"Si hiyo dawa ya nguvu za kiume unayoitangaza? Umeweka na picha yako ya suti."

Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Umepona? Mbona mie sijapata taarifa?"

Na mie nilicheka. Halafu nikakumbuka kilichomo ndani ya ile akaunti, kicheko kikakauka.

Upendo hatukumzaa sisi. Alizaliwa na mdogo wa mke wangu akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na sie tulikuwa kwenye ndoa hatujajaliwa mtoto. Tulimchukua angali mchanga, tukahamia Dar, na hapa kila mtu anajua ni wetu. Mwenyewe pia anajua hivyo. Aliyemzaa anamwita mama mdogo. Wale ndugu wawili walikubaliana jambo hilo lisizungumzwe tena, na mke wangu hataki hata kuligusia. Kwa hiyo mama mdogo, huko Mbeya aliko, ananiandikiaga mie. "Shemeji, nitumie picha ya mwanangu." "Shemeji, mwanangu amefaulu?" Miaka yote hiyo. Majuzi, sendofu ya Upendo, sherehe ya kumuaga anapoolewa, inakaribia, aliandika: "Shemeji, siku hiyo nitakaa viti vya wapi? Nitaweza kujizuia?" Sikufuta hata meseji moja. Nilikuwa nashindwa, kama vile namfuta yeye.

Sasa, kuirudisha akaunti lazima kodi, zile tarakimu za uthibitisho, iingie kwenye namba niliyojisajilia, na ile laini niliiacha siku nyingi, ikafungwa. Nikaipigia. Akapokea mama mmoja wa Kiwalani.

"Samahani mama, hiyo namba ilikuwaga yangu."

"Ilikuwaga. Sasa ni yangu."

"Naelewa. Kuna tarakimu zitaingia hapo kwa meseji, nakuomba unisomee tu."

"Ahaa, mmeanza! Jana nimeshinda bahati nasibu, leo mmepoteza akaunti. Baba mtu mzima na sauti yako, huoni haya?"

"Mama, mie ni Baba Upendo..."

"Na mie Mama Zawadi. Kodi simsomei mtu, wanangu wamenikataza." Akakata.

Kusema kweli nilimheshimu. Akaunti ingekuwa yake, isingeibiwa.

Upendo alikuwepo, anafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja Kawe. Akachukua simu, "Shikamoo mama," na baada ya muda mfupi walikuwa wanacheka kama mtu na shangazi yake. Wakakubaliana Jumamosi Upendo aende Kiwalani na kitambulisho, kodi atapewa mkononi. Yeye tu. Baba mwenye sauti ya kitapeli abaki nje.

"Usijali baba," binti akaniambia, "nikishaingia napitia meseji zote, nione huyo mwizi kawaandikia kina nani."

"Ukipata kodi nisomee, mama, nitaingia mwenyewe."

"Baba, kodi itaisha muda wake wewe bado unatafuta miwani."

"Basi tuiache, nitafungua nyingine."

"Tuiache? Amtapeli mama mdogo kwa jina lako?"

Nilikuwa nimeshampigia mama mdogo kumwonya asiandike kitu. Aliniuliza neno moja tu, "Kwa hiyo kuna mtu anasoma?" kisha nikasikia analia.

Nikamwambia mke wangu tumwambie mtoto kabla hajasoma. Safari hii hakucheka. "Baba Upendo, anaolewa. Unataka aingie kwenye nyumba ya watu hajui yeye ni wa nani?" Nikamuuliza, akikutana nayo mwenyewe kwenye simu je? Akasema, "Basi mzuie asiende." Nimzuie kwa sababu ipi? Na nikimzuia, maisha yake yote yanabaki kwa mtu nisiyemjua hata jina, anayeweza kumwandikia leo hii kwa picha yangu ya suti.

Leo ni Alhamisi. Upendo ananiuliza kama Mama Zawadi tumpelekee maembe au sukari, nami namjibu chochote kile, wewe tu mama.

Nyie mnaojua mambo ya akaunti, na nyie mliolelewa na wasiowazaa, ninyi hasa, semeni nami. Ungependa kuyasikia kwa mdomo wa baba yako, hata kama mama yako hatamsamehe? Nifanyeje kabla ya Jumamosi? Mwenye tusi alete, ila alete na jibu.