Helmeti yenye kamera

Leo mtu amenipiga picha bila kugusa kamera.

Nilikuwa kwa karakana ya Baba hapa Bondeni, anapochomelea milango. Jamaa akaleta helmeti na kamera kubwa, akitaka Baba aifunge juu kwa kipande cha bati. Eti yeye huruka kutoka kwa ndege na parachuti, na huko angani mikono haina nafasi ya kamera.

Sikumwamini. Nani huacha ndege ambayo haijaharibika?

Baba alipomaliza, jamaa akaivaa, akanitazama, akaanza kutafuna waya. Mikono ilikuwa mfukoni.

Kamera ikalia. Mara mbili.

"Baba, huyu ananipiga picha."

"Na nini? Meno?"

"Ndiyo, mzee, na meno," jamaa akasema. "Swichi iko mwisho wa huu waya, naiuma mdomoni."

Mnanijua. Hata kwa picha ya darasa nilijificha nyuma. Lakini leo nilimwambia, "Nionyeshe."

Akanionyesha. Sikuwa na kichwa. Ilikuwa miguu yangu tu, slipa moja yangu na moja ya Baba.

"Kamera imeinama," Baba akasema, akachukua spana.

"Siste, simama tena tupime," jamaa akasema.

"Simama wewe."

Nikavaa helmeti, nikapangusa waya na sweta, nikauma. Alitoka vizuri, kichwa na yote. Nikafurahi sana, mpaka alipowasha pikipiki na kwenda.

Picha za miguu yangu bado zimo mle kwa kamera yake.

Sasa niambieni, mtu wa parachuti anataka slipa zangu za nini?