Kamba ya Fahali

Fahali aliletwa Jumamosi mchana, na Teresina ndiye aliyeipokea kamba. Vijana waliomshusha kwenye pikapu walisema tu, "Sadaka ya shukrani, pokea mama," wakamnyooshea kamba. Hakuuliza inatoka kwa nani. Katika kanisa lile la Gumbo, pembezoni mwa Juba, si adabu kuuliza langoni. Jina la mtoaji hutajwa Jumapili mbele ya watu wote. Lakini mkuu wa akina mama akishaishika kamba kwa mkono wake, sadaka imekubaliwa. Teresina akaishika, akapiga vigelegele, wenzake wakaitikia, na fahali akafungwa kwenye mwarobaini nyuma ya kanisa.

Ujana wake Teresina aliumalizia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, upande wa Uganda, akilima mihogo kwenye mashamba ya watu. Aliporudi Juba alifungua banda la chai kando ya barabara ya Nimule, na kwa chai hiyo akamlea Isaac, mwanawe wa pekee. Kanisani alipewa jiko. Hakuwa mhubiri. Alijua kuwalisha watu, akaamini kwamba Mungu hatamdai zaidi ya hapo.

Jioni Suzan, mjane aliyekuwa naye Adjumani, alikuja kusugua masufuria. Alipomwona fahali, akaliacha sufuria lianguke.

"Mama Isaac, huyu ng'ombe namjua. Ameshinda wiki nzima akila majani kiwanjani kwangu."

"Una hakika?"

"Pembe ya kushoto imekatika ncha. Nachungulia kwenye tundu la bati kila asubuhi, nisimjue?"

Gumbo nzima ilikijua kiwanja hicho. Marehemu mume wa Suzan alikuwa amechimba kisima cha pampu pale, na mtaa mzima ulichota. Baada ya mazishi, Mheshimiwa Marino, mkubwa mmoja serikalini, alikizungushia mabati na kuweka mlinzi. Siku hizi akina mama walisubiri lori la maji, na Suzan alilala kwa dada yake.

Teresina alimpigia Isaac simu. Isaac alikuwa dereva wa Mheshimiwa.

"Fahali huyu ni wa bosi wako?"

"Umeshampokea, si ndiyo?"

"Nakuuliza ni wa nani."

"Wake. Kesho anakuja kutoa shukrani. Malesh, samahani, mama. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mama yangu ni mkuu wa akina mama. Alifurahi sana."

"Na kiwanja cha Suzan?"

"Mimi naendesha gari tu."

Teresina akaenda kwa Mchungaji Alfayo, akamkuta kanisani akiweka ndoo chini ya paa linalovuja.

"Ameahidi paa jipya, Mama Isaac. Bati kwa bati."

"Mabati anayo mengi, Mchungaji. Ameyasimamisha kwa Suzan."

Mchungaji akainamisha kichwa. "Kama ungeniuliza kabla ya kuishika kamba, ningekuwa na la kusema. Sasa imepokewa. Kalas, imekwisha. Tukimkataa, kesho atatafuta kosa letu, na hatakosa." Kisha akaongeza kwa upole, "Na Isaac je? Umemfikiria Isaac?"

Upole huo ndio uliomchoma.

Nyumbani alifagia uwanja, akafagia tena pale pale alipokwisha kufagia. Alichemsha chai, akaisahau ikapoa. Alipojilaza, alimsikia fahali kule kanisani akilia kama anayemwita mtu, akaamka na kukaa kitandani. Alitaka Mungu aseme neno moja tu, lolote, ili lawama isiwe yake. Kama ni kukaa kimya, mbona Suzan anafika kanisani kila Jumapili na kuimba kuliko wote? Kama ni kusema, mbona amepewa mtoto mmoja tu? Fahali akalia tena.

Asubuhi akina mama walifika na masufuria na visu, vitambaa vyeupe kichwani, lawa za bluu, zile shuka zao, zimefungwa begani. Teresina alikuwa ameshamfungua fahali.

"Leo hatupiki."

"Ai!" akasema Jedidah, Mkenya mwenye duka la vyombo pale soko la Custom. "Nimenoa kisu mpaka kinaweza kunyoa ndevu, halafu hatupiki?"

"Ng'ombe anarudi kwa mwenyewe. Ni wa Marino. Nilimpokea bila kuuliza, namrudisha mwenyewe. Anayeogopa abaki, sitamsema."

Jedidah akashusha pumzi. "Mimi ni mgeni hapa, dada zangu. Hawa wakikasirika watanifukuza mpaka Nimule bila viatu." Akaweka kisu chini, akavua kandambili, akazishika mkononi. "Basi afadhali nivue mapema."

Walicheka, lakini kidogo, na wakatoka naye.

Barabara ilijaa watu wa Jumapili. Wenye boda walisimamisha pikipiki kuwatazama.

"Akina mama, mnapeleka mahari kwa nani?"

"Kwa dada yako tulikuwa tunaenda," Jedidah akajibu, "lakini tumesikia akisonga asida inatoka madonge!"

Kicheko kikawasindikiza mpaka walipokata kona. Walipoonekana wanaelekea kwa Marino, kikakatika. Suzan alitembea nyuma ya fahali, macho chini. Teresina alikuwa mbele, kamba ameizungusha mkononi.

Langoni, mlinzi aliwatazama kama watu waliopotea njia. "Mheshimiwa iko anavaa. Anaenda kanisa."

"Mwambie kanisa limekuja. Shika kamba, mwanangu."

Mlinzi akarudisha mikono nyuma. "Hapana, mama. Mimi hapana shika."

Alijua, kama wote walivyojua. Ng'ombe aliyeachwa langoni ni ng'ombe aliyepotea tu, na kufikia jioni ingesemwa kwamba akina mama walitaka kumwiba. Kamba ilihitaji mkono wa kuipokea, na hapo mkono haukuwapo. Jua lilipanda. Fahali akakojoa mbele ya lango. Pazia la dirisha likatikisika, likatulia.

Teresina akapaza sauti, ile sauti ya kuita watu kwenye chakula. "Mheshimiwa! Tulipokea bila kuuliza, kosa ni letu! Mfungulie Suzan kiwanja chake, nasi tutampokea fahali huyu siku hiyo hiyo! Tutapika, tutakuimbia! Lakini akina mama hawawezi kupika ng'ombe aliyenona kwa majani ya mjane!"

Lango dogo likafunguka. Alitoka Isaac, shati jeupe, kitambaa cha kufutia gari mkononi. Alisimama karibu na mama yake, akasema kwa sauti ya chini.

"Unajua atakachonifanya?"

"Najua."

"Na bado umekuja."

"Usiku kucha nimetafuta njia ya kupita bila kukukanyaga wewe, Isaac. Sikuipata."

Isaac alimtazama Suzan. Suzan aliwahi kumbeba mgongoni, kule Adjumani. Isaac akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kila kidole. Kisha akanyoosha mkono akaishika kamba, akamvuta fahali ndani, na lango likafungwa.

Walirudi wakiimba. Teresina hakuweza kuimba. Kila gari lililonguruma nyuma yake lilikuwa gari la Marino, mpaka lilipopita.

Ibada ilikuwa imeanza, ndoo ziko pale pale chini ya paa. Nafasi iliyotengwa mbele kwa ajili ya mgeni ilibaki tupu. Mchungaji Alfayo alitangaza kwamba mchana kutakuwa na chai na mikate ya kisra, basi. Hakumtazama Teresina. Halafu akamtazama.

Walipokuwa wamepiga magoti kwa sala, mlango wa nyuma ukalia. Teresina aligeuka, jambo asilolifanya kamwe katika sala. Isaac alikuwa ameingia kwa miguu, viatu vimejaa vumbi la barabarani, mikono mitupu bila funguo za gari. Mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba. Akakaa benchi la mwisho la wanaume.

Teresina akarudisha uso mbele. Alitaka kumshukuru Mungu, alitaka pia kugombana naye, na hakujua aanze na lipi. Pembeni yake Suzan, asiye na nyumba bado, aliutafuta mkono wake, ule wenye alama ya kamba, akaushika.